Je, Kabila Huugua Kisukari?

Likizo iliyopita nilimkuta shangazi yangu huko Busoga ameacha kumeza dawa za kisukari. Vidonge vilikuwepo, vimefungwa kwenye karatasi juu ya kabati, na wala hakukosa pesa ya kununua vingine. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwa utulivu: “Mwanangu, kule kliniki wametuambia ugonjwa huu uko katika damu yetu. Baba alikuwa nao, kaka yetu mkubwa alikuwa nao, na mimi ninao. Kama ni damu, kidonge kitabadilisha nini?” Kisha akaongeza neno lililonifanya niandike insha hii. Mhudumu alikuwa amemwambia kwamba Wasoga ndivyo walivyo.

Siku hiyo sikuwa na jibu. Nilijua kwamba kisukari hufuata ukoo, maana hata vitabu vya sekondari husema hivyo. Nilijua pia kwamba wanasayansi hulinganisha jeni za makabila na mataifa mbalimbali ili wajue nani yumo hatarini zaidi. Basi shangazi alikosea wapi? Na kama hakukosea, je, ni haki kuendeleza utafiti ambao habari zake zikifika kijijini humfanya mgonjwa aache dawa? Swali ninalotaka kulijadili ni hili: je, ni halali kimaadili kutafuta chanzo cha kisukari katika damu ya kabila, na kama ni halali, kwa masharti gani?

Kwanza tuweke wazi tunachokizungumzia. Kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachowapata wagonjwa wengi zaidi duniani, hutokea pale mwili unaposhindwa kuitumia vizuri insulini inayotengenezwa na kongosho, na kongosho nalo likashindwa kutengeneza ya kutosha. Hakuna jeni moja inayouleta ugonjwa huo. Watafiti wamekwisha kupata mamia ya sehemu za vinasaba zinazohusiana nao, na karibu kila moja huongeza au kupunguza hatari kwa kiasi kidogo tu. Sehemu hizo pia hazikai ndani ya mipaka ya makabila. Mwaka 1972 mwanabiolojia Richard Lewontin alionyesha kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti za kijeni za binadamu hupatikana kati ya watu wa jamii moja, si kati ya jamii na jamii. Kwa lugha nyepesi, Msoga na Msoga mwenzake wanaweza kutofautiana kwa mambo mengi kuliko yale yanayowatofautisha Wasoga kwa jumla na majirani zao.

Hata hivyo, sehemu iliyobaki si sifuri. Zipo aina za jeni ambazo ni za kawaida katika jamii fulani na adimu kwingine, na baadhi yake hugusa kisukari. Mwaka 2016, kwa mfano, ilitangazwa aina ya jeni iliyoenea miongoni mwa Wasamoa wa Bahari ya Pasifiki. Jeni hiyo huongeza unene wa mwili, lakini kinyume cha matarajio ya wengi, walio nayo wana hatari ndogo zaidi ya kupata kisukari. Kwa hiyo anayesema kwamba jeni hazina lolote la kutuambia kuhusu jamii anakosea, na anayesema kwamba zinatuambia kila kitu anakosea zaidi.

Mfano unaofundisha zaidi uko mbali nasi, katika jangwa la Arizona, Marekani. Huko wanaishi Wapima, ambao wenyewe hujiita Akimel O'odham, yaani watu wa mto. Kuanzia mwaka 1965 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilifanya utafiti wa muda mrefu miongoni mwao, kwa sababu kiwango chao cha kisukari kilikuwa miongoni mwa vile vya juu kabisa vilivyowahi kurekodiwa duniani. Maelezo yaliyovuma yalitokana na dhana aliyoitoa mtaalamu wa jenetiki, James Neel, mwaka 1962. Alipendekeza kwamba katika zama za njaa, watu wenye jeni za kuweka akiba ya mafuta mwilini ndio waliosalimika. Chakula kilipokuwa kingi, neema hiyo ikageuka kuwa nakama. Wapima wakawa mfano unaotajwa kila dhana hiyo ilipofundishwa.

Lakini jina lao lenyewe linaleta swali: mto uko wapi? Wapima walilima kwa mifereji ya Mto Gila kwa karne nyingi, na katikati ya karne ya 19 ngano yao iliwalisha hata wasafiri waliopita wakielekea magharibi. Mwishoni mwa karne hiyo walowezi waliokaa upande wa juu wa mto waliyageuza maji yaende kwenye mashamba yao. Mashamba ya Wapima yakakauka, njaa ikaingia, na baadaye chakula chao kikawa kile cha mgao wa serikali: unga mweupe, mafuta ya nguruwe na sukari. Upande wa pili wa mpaka, huko Maycoba nchini Meksiko, wapo ndugu zao wa asili moja ambao waliendelea kulima milimani kwa jasho lao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwalinganisha watu wazima wa pande hizo mbili. Wapima wa Marekani waliokuwa na kisukari walikuwa asilimia 38. Wale wa Meksiko walikuwa asilimia 6.9.

Damu yao ina asili moja, lakini hali zao ni mbili tofauti kabisa. Sisemi kwamba jeni hazikufanya kazi yoyote, kwani hata ndani ya kijiji kimoja wengine huugua mapema na wengine hawaugui kabisa. Lakini kilichobadilika kati ya babu aliyekuwa mzima na mjukuu aliye mgonjwa si jeni, maana jeni za jamii hazibadiliki kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni mto. Hapa ndipo hoja yangu ya kwanza ya kimaadili ilipo. Ukisema “ni jeni zao”, hakuna anayedaiwa. Ukisema “ni mto wao”, mdaiwa yupo na anajulikana anapoishi. Mtafiti anaweza kusema kweli tupu kuhusu jeni na bado akaisaidia dhuluma, kwa kuchagua swali ambalo jibu lake halimgharimu mwenye nguvu. Sheria ya Bunge la Marekani ya kuwapatia watu wa Mto Gila haki ya maji ilipitishwa mwaka 2004, yaani miaka 39 baada ya utafiti wa miili yao kuanza.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ki damuni mwako. Nikirudi kwa shangazi, shamba la babu ambako nilichimba viazi vitamu na mihogo nikiwa mtoto, leo limekodishwa kwa miwa, kama yalivyo mashamba mengi ya Busoga. Miwa huchukua zaidi ya mwaka kukomaa, na pesa yake ikifika, nyumba hununua dukani kile ilichokuwa ikikivuna: posho, mchele, unga wa chapati, na sukari ya chai. Sidai kwamba miwa ndiyo iliyomtia shangazi ugonjwa, maana sina vipimo vya kuthibitisha hilo. Ninachodai ni kidogo zaidi ya hapo. Mhudumu alikuwa na neno la kusema kuhusu kabila lake, lakini hakumuuliza habari ya shamba lake.

Hoja ya pili inahusu ridhaa. Katika jimbo lilelile la Arizona, ndani ya bonde la Grand Canyon, wanaishi Wahavasupai, jamii ndogo ya watu mia kadhaa. Kuanzia mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walichukua sampuli za damu kwao. Wahavasupai walielewa kwamba kazi hiyo ni ya kutafuta chanzo cha kisukari kilichokuwa kimeenea miongoni mwao, ingawa karatasi waliyotia saini ilikuwa na maneno mapana kuhusu maradhi ya mwili na ya tabia. Mwaka 2003 mmoja wao alihudhuria utetezi wa tasnifu chuoni hapo, akagundua kwamba damu ile ilikuwa imetumiwa kwa mambo mengine. Ilitumika kuchunguza skizofrenia, kiwango cha kuoana ndugu kwa ndugu, na njia walizopita mababu walipohamia Amerika kutoka Asia. Jambo hilo la mwisho lilipingana na imani yao kwamba asili yao ni bonde hilohilo. Walishtaki, na mwaka 2010 chuo kilikubali kuwalipa watu 41 jumla ya dola 700,000 na kuwarudishia sampuli zilizobaki.

Kisa hiki kinatufundisha kwamba saini na ridhaa si kitu kimoja. Mtu hutoa ridhaa kwa jambo analolielewa, si kwa upana wa maneno yaliyochapwa kwenye karatasi. Kinatufundisha pia kwamba damu si mali ya mtu mmoja kama tunavyodhani. Mtu akitoa figo, ametoa yake. Akitoa vinasaba, ametoa pia habari za dada yake aliyekataa, na za mtoto ambaye hajazaliwa. Matokeo yanapochapishwa kwa jina la kabila, kila mwenye jina hilo ameelezwa, awe alitia saini au hakutia. Ndiyo maana ridhaa ya mtu binafsi, ingawa ni ya lazima, haitoshi.

Msomaji anaweza sasa kuona kwamba ninaelekea kusema utafiti wa namna hii uachwe. La hasha. Ipo dhuluma ya kuchunguzwa vibaya, na ipo dhuluma ya kutochunguzwa kabisa, na hii ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi Waafrika. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kati ya kila watu kumi walioshiriki katika tafiti kubwa za jeni na maradhi duniani, karibu wanane walikuwa wenye asili ya Ulaya. Waafrika walikuwa takriban asilimia mbili tu. Athari yake si ya heshima pekee, bali inaingia hadi ndani ya chumba cha vipimo.

Tuchukue kipimo kiitwacho HbA1c, ambacho madaktari wengi hukitegemea. Sukari iliyo katika damu hunata kwenye himoglobini ya seli nyekundu. Kwa kuwa seli hizo huishi takriban siku 120, kiasi kilichonata huonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, na mtu akifika asilimia 6.5 huhesabiwa kuwa na kisukari. Lakini wapo watu waliorithi aina ya jeni ya G6PD inayofanya seli zao nyekundu zife mapema. Seli haikai muda wa kutosha kunatwa na sukari, basi kipimo husoma chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa wanaume wenye jeni hiyo kipimo hushuka kwa takriban 0.8. Maana yake, mtu ambaye angesomeka 7.2 husomeka 6.4, akaambiwa ni mzima na kurudi nyumbani na ugonjwa wake. Watafiti hao walikadiria kwamba huko Marekani, kama kipimo hiki kingetumika peke yake, Wamarekani weusi wapatao 650,000 wenye kisukari wasingegunduliwa.

Hapa Uganda pia liko jambo linalofanana na hilo. Katika vijiji vya Kyamulibwa, wilaya ya Kalungu, wakazi wamekuwa wakishiriki katika utafiti wa afya wa muda mrefu tangu mwaka 1989. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya takriban watu 6,400 wa huko. Miongoni mwa yaliyoonekana ni kwamba hali ya kurithi inayogusa himoglobini, iitwayo thalasemia ya alfa, ambayo ni ya kawaida Uganda, nayo huathiri usomaji wa kipimo hichohicho. Wanavijiji hao, kwa kutoa damu yao, wametufunulia kwamba kipimo tunachokiamini kinaweza kutudanganya. Kama utafiti wa jeni ungeachwa kwa hofu ya ukabila, tusingelijua hilo. Wanaougua kimyakimya wangebaki kimya.

Sasa tutazame kwa makini jeni hizo zinafuata nini. Zote mbili zimeenea Afrika kwa sababu zilimsaidia aliyezirithi asiuawe na malaria. Kwa hiyo zilienea palipokuwa na mbu wengi, na zikawa chache palipokuwa na baridi na mbu adimu. Msoga wa kando ya ziwa na Mkiga wa milima ya Kigezi wote huitwa “Waafrika weusi” kwenye fomu za ng'ambo, ingawa mababu zao hawakupambana na malaria kwa kiwango kimoja. Jeni hizo hazikukoma Afrika pia, zinapatikana katika nchi za Mediterania na Asia ambako malaria ilikuwepo. Jeni ilimfuata mbu. Haikuuliza mtu anazungumza lugha gani nyumbani kwake.

Naam, hapa ndipo ninapoliona kosa aliloambiwa shangazi. Jina la kabila ni alama tu ya mambo mengine: mahali mababu walipoishi, maradhi waliyoyashinda, ardhi waliyobaki nayo, chakula wanachokimudu. Alama inaweza kutusaidia kuanza kuuliza. Daktari nchini Uingereza hushauriwa aanze kumwangalia kwa tahadhari mtu mwenye asili ya Asia Kusini au Afrika pale kipimo cha uwiano wa uzito na urefu kinapofika 23, badala ya 25 kinachotumika kwa wengine, kwa kuwa watu hao huweza kupata kisukari wakiwa hawajanenepa sana. Ushauri huo unaokoa maisha, nami siupingi. Lakini angalia jinsi unavyofanya kazi: jina la asili linamfanya daktari apime mapema zaidi. Kwa shangazi, jina lilimfanya mhudumu aache kuuliza. Kabila linaweza kuwa mwanzo wa swali, haliwezi kuwa jibu.

Wengine watasema kliniki zetu hazina muda wala vifaa vya kumpima kila mtu jeni zake, hivyo kabila ndilo kipimo cha bei nafuu. Ninaielewa hoja hiyo, kwa maana nimekaa kwenye foleni hizo. Lakini vitu vinavyohitajika haviko mbali. Pale kipimo cha HbA1c kinapotiliwa shaka, kipo kipimo cha sukari kabla ya kula asubuhi, ambacho hakitegemei umri wa seli nyekundu. Na kumuuliza mtu anakula nini na analima wapi hakuhitaji mashine. Unafuu wa kabila mara nyingi ni unafuu wa kutofikiri.

Tena sisi wa ukanda huu hatuna ruhusa ya kulichukulia jambo hili kwa wepesi. Nchini Rwanda utawala wa Wabelgiji uliwapima watu pua na vimo, na katika miaka ya 1930 ukawapa vitambulisho vilivyoandikwa kabila. Wapimaji hao walidai kwamba wanafanya sayansi. Tunajua vitambulisho hivyo vilitumikaje kwenye vizuizi vya barabarani mwaka 1994. Sisemi kwamba mtafiti wa kisukari ni ndugu wa wapimaji wale. Ninasema kwamba maneno “damu yao ni tofauti” yakishatoka maabara hayarudi, na hayabebi pamoja nayo tahadhari zote alizoziandika mtafiti kwenye ukurasa wa mwisho.

Jibu langu basi ni kwamba utafiti huu ni halali, na kwetu Waafrika ni haki tunayodai, lakini kwa masharti matatu. La kwanza, anayepima damu apime pia mto: ardhi, maji, chakula na kipato vichunguzwe katika utafiti uleule, visiachwe kwa watu wengine. La pili, ridhaa itolewe na mtu na ijadiliwe na jamii yake, na kila matumizi mapya ya damu yarudi kuombwa upya. La tatu, matokeo yarudi kwa watu waliotoa damu yakiwa kipimo bora au dawa inayofaa zaidi, yasirudi yakiwa sifa ya kabila.

Nilipomaliza kusoma mambo haya nilimpigia shangazi simu. Nilimwambia kwamba ni kweli damu inaweza kumfanya mtu augue upesi kuliko mwenzake, lakini kidonge hakiulizi kabila, na kwamba ndugu wa damu moja wameonekana mmoja akiugua na mwingine akiwa mzima kwa sababu ya chakula na shamba. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama watafiti wakija kuomba damu yake awape. Nikamjibu, “Wape, shangazi, lakini waulize kwanza wanakwenda kuifanyia nini, na kama wataandika pia habari ya shamba.”

Dawa amezirudia. Mkataba wa miwa bado una miaka miwili.